Vumbi Lililomfuata Guka

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa pale Thika, nikingoja zamu yangu, stima zikapotea. Chini ya kaunta kitu kikaanza kulia: pii, pii, pii. Ilikuwa tu inverta ya duka, kile kifaa cha stima za akiba, ikilalamika kwamba betri yake imechoka. Mhudumu hata hakugeuza kichwa. Lakini mimi moyo ulianza kunienda mbio, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeinama, macho sakafuni, natafuta waya uliochomekwa mahali usipofaa ili niuchomoe.

"Umeangusha kitu, madam?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Nilichukua dawa zangu nikatoka, nikasimama kando ya mlango kwa muda, mtu mzima na kazi yangu na mtoto wangu.

Mlio ule niliujua nikiwa mdogo, tulipokuwa tunaishi nje ya Ruiru, upande wa machimbo ya mawe. Kule ukiamka asubuhi unasikia mashine zikikata mawe ya kujengea, na vumbi lake jeupe linakaa kila mahali: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye majani ya sukuma, kwenye nyusi za wanaume wanaporudi nyumbani. Guka, baba yake mama, alikuwa mmoja wa wanaume hao tangu ujana wake. Alikata mawe mpaka kifua kikakataa. Mimi nilipoanza kumjua vizuri, alikuwa tayari ni mtu wa kukaa kitandani au kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akisalimia kila anayepita. Aliniita "bibi yangu", kwa sababu mama alinipa jina la mama yake, Nyambura, aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilikuwa naona haya akiniita hivyo mbele ya wageni, lakini asiponiita nilikasirika.

Mara ya mwisho alipotoka hospitalini, alirudi na mashine ya kumsaidia kupumua. Ilikuwa na ukubwa wa sanduku la nguo la mwanafunzi wa bweni, yenye magurudumu, na ilinguruma siku nzima kama friji iliyozeeka. Kutoka kwake kulitoka mpira mwembamba, mweupe wa kuonyesha ndani, ukapanda kitandani, ukazunguka masikio ya Guka na kuingia puani. Daktari alikuwa amemwambia mama kwamba mashine hiyo isizime muda mrefu. Mama aliyarudia maneno hayo kila mara, hata akiwa peke yake jikoni. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki nyingi yuko njia ya Malaba. Dadangu mkubwa alikuwa bweni. Kwa hivyo waliokuwa nyumbani ni Guka, mama na mimi.

Na stima za kwetu zilikuwa za kwenda na kurudi zinavyopenda. Upepo ukivuma, zinaenda. Lori la mawe likigonga nguzo, zinaenda. Ndiyo sababu Anko Ndung'u, kaka yake mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuwawekea watu sola, alikuja na vijana wake akapanga paneli juu ya mabati yetu, na betri kubwa kadhaa kwenye kona ya sebule, na inverta ukutani yenye taa tatu: ya kijani, ya manjano na nyekundu. Alipomaliza alikaa kando ya kitanda akamwelezea Guka kwa sauti ya juu, kana kwamba Guka alikuwa kiziwi.

"Baba, hii inakula jua mchana, inaweka. Stima zikienda, wewe unaendelea kupumua. Hata hutajua zimeenda."

Guka alicheka akakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na nilielewa kila neno, na nilielewa vibaya. Niliufuata mpira kwa macho kutoka puani hadi kwenye mashine, nikaufuata waya wa mashine hadi ukutani, kutoka ukutani hadi kwenye inverta, na kutoka hapo hadi kwenye tundu la dari, hadi juu. Basi, nikajua. Guka alikuwa anavuta jua. Jua lilikuwa linaingia kwenye vioo vile, linateremka kwenye nyaya, linapozwa na ile mashine, linaingia kifuani mwake. Tangu siku hiyo, jioni jua likianza kushuka nyuma ya vibanda vya machimbo, nilikuwa naacha mchezo narudi ndani kuangalia kama kifua chake bado kinapanda na kushuka.

Kuitunza ile sola ilikuwa kazi. Stima zikienda, hakuna televisheni, hakuna friji, balbu ni moja. Pasi na birika la umeme havikuwa na ruhusa hata ya kukaribia ukuta. Mama alibandika karatasi nyekundu juu ya soketi hizo. Na kulikuwa na vumbi. Vumbi la machimbo lilitua kwenye paneli kama unga kwenye ungo, na likiachwa, taa ya kijani inachelewa kuwaka. Kwa hivyo kila baada ya siku chache mama alipanda ngazi asubuhi, kabla vioo havijapata moto, na sifongo iliyofungwa kwenye mti wa ufagio na maji yenye sabuni kidogo. Nilikuwa nashika ngazi. Mama aliogopa kupanda juu. Hakuwahi kusema, lakini nilikuwa naona miguu yake ikitetemeka kwenye vipandio.

"Hilo vumbi ni lile lile," Guka alimwambia siku moja mama akishuka. "Niliacha kazi, na bado limenifuata hadi juu ya nyumba."

Kisha ukaja ule msimu wa baridi, wakati jua linajificha Ruiru nzima na mawingu yanalala juu ya paa wiki baada ya wiki. Mvua haikunyesha vizuri. Ilikuwa manyunyu tu, ya kulowesha vumbi na kuligeuza kuwa kama saruji. Jirani yetu Mama Kim, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, alipita akanikuta mlangoni.

"Nyambura wewe," akasema, "jina lako ndilo linatuletea hii mvua. Mwambie Guka akubadilishie, tuone jua!"

Akacheka, akaenda zake. Ni mzaha ambao kila Mkikuyu anaujua, kwa maana jina hilo limetoka kwa mvua. Mimi nilibaki pale nikiangalia mawingu. Kama Guka alikuwa anapumua jua, na mimi ndiye niliyekuwa naleta mawingu, basi ni mimi niliyekuwa namnyima pumzi. Sikumwambia mtu.

Siku chache baadaye transfoma ya upande wetu ililipuka. Tulisikia mlio kama bunduki, tukaona moshi juu ya nguzo, na mtaa mzima ukanyamaza, hata mashine za kukata mawe. Watu wa stima walipigiwa simu, wakasema watakuja. Mama alizima kila kitu kilichowezekana kuzimwa na akasimama mbele ya inverta, mikono kiunoni. Taa ilikuwa ya kijani. Kufikia kesho yake ilikuwa ya manjano, na watu wa stima hawakuwa wamekuja.

Asubuhi hiyo Mama Kim alikuja na simu yake na chaja.

"Mama Nyambura, nisaidie na chaji kidogo. Nyinyi ndio mko na taa peke yenu hapa."

"Siwezi," mama akasema.

"Simu tu? Simu inakula nini?"

"Mama Kim, ni mashine ya mzee. Siwezi."

"Sawa," Mama Kim akasema polepole. Aliizungusha ile chaja mkononi. "Sawa tu. Endeleeni kujiwekea." Akageuka, akaenda bila kuniangalia. Kutoka chumbani Guka alikuwa amesikia yote. Alimwita mama.

"Wanja. Huyo mama alikuletea uji ulipojifungua."

"Baba, tafadhali. Pumua tu."

Mchana ule mama alipokwenda kuteka maji, niliona mikono kwenye dirisha la Guka. Mkono mmoja ukaingia, ukatoka, baadaye mwingine. Nilidhani watu walikuwa wanakuja kumsalimia, kama walivyozoea kumsalimia mlangoni, na kwamba kwa sababu ya baridi wanamsalimia kwa dirisha. Guka alinikonyeza. Nami nikamkonyeza, nikifurahi kuwa na siri ambayo sikuijua.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Taa ilikuwa nyekundu tangu asubuhi. Mama alimpigia Anko Ndung'u tena na tena. Alikuwa kazini Ngoliba, akifunga pampu kwenye shamba la mtu, na simu yake haikupatikana. Mama alisimama uani akaangalia paa. Paneli zilikuwa zimegandiwa na ule utope wa kijivu, hata huoni kioo. Akavaa gambuti, akafunga leso kiunoni, akaniambia niende nikae na Guka.

"Na ngazi?" nikauliza.

"Wacha ngazi. Angalia midomo yake. Ikianza kubadilika rangi, unaniita kwa nguvu. Umesikia?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, macho kwenye midomo ya Guka. Juu yetu mabati yalikuwa yanalia kwa kila hatua ya mama. Nilikuwa najua mahali alipo kwa sauti: sasa yuko juu ya jikoni, sasa yuko juu ya mlango, sasa ameinama, sasa anasugua. Manyunyu yalikuwa yanapiga mabati taratibu. Halafu kukatokea mlio mrefu wa kuteleza, kama kisu kwenye sahani, na kishindo. Kisha kimya.

Guka aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Nilitaka kukimbia nje, lakini nilikuwa nimeambiwa niangalie midomo, na sikujua ni kipi kikubwa kuliko kingine. Guka alinishika mkono. Tulikaa hivyo, sote wawili macho kwenye dari, mpaka tukasikia tena ule mkwaruzo wa sifongo. Guka alirudisha kichwa chini na kufunga macho.

Hapo ndipo nilipomwambia. "Guka, uniite jina lingine."

"Kwa nini?"

"Hili linaleta mawingu. Jua haliji, na wewe unapumua jua."

Aliongea kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Bibi yangu. Cucu yako, mke wangu... alikuwa Nyambura. Nimeishi na yeye... mpaka tukazeeka. Na kwani... jua halikuwaka? Lilinichoma... huko kwari... nikikata mawe... mpaka mgongo ukatoka ngozi. Jua halina haja na majina ya watu." Akavuta pumzi. "Na mimi... navuta hewa. Kama wewe tu. Mashine inanisukumia. Hiyo sola... ni kama mtu anayesukuma mashine."

Nililia, kwa haya na kwa kufurahi. Na katikati ya kulia kwangu ndipo ukutani kukaanza: pii, pii, pii.

Mama aliteremka mbio, upande mmoja wa sketi umeraruka, goti linatoka damu. Paneli zilikuwa safi sasa, zinang'aa, na juu yake hakukuwa na jua. Alianza kuchomoa. Alichomoa balbu, akachomoa friji ambayo ilikuwa imezimwa tayari, akapapasa ukuta mzima. Kisha akaona waya mweupe umetokea nyuma ya kitanda cha Guka. Akaufuata kwa magoti na kuvuta, na kutoka chini ya kitanda ikatoka ekstensheni, na kwenye ekstensheni simu za majirani, zimepangwa vizuri juu ya gazeti, kila moja na kijitaa chake.

Sijawahi kumsikia mama akimpandishia baba yake sauti ila siku hiyo.

"Baba! Ni wewe? Mimi nafukuza watu mlangoni, wewe unawaingiza kwa dirisha?"

"Wanja..."

"Unataka kufa? Sema tu kama unataka kufa, niache kupanda juu ya hiyo nyumba!"

"Hao watu," Guka akasema, "ndio watanibeba. Sitaki... wanibebe na kinyongo."

Mama alifungua mdomo, na kabla hajajibu, ule mngurumo tuliouzoea ukakatika. Nyumba ikawa na utulivu mbaya. Mashine ikatoa mlio wake mmoja mkali, ikanyamaza nayo.

Kulikuwa na mtungi wa oksijeni wa akiba nyuma ya mlango. Mama aliuunganisha vidole vikikosea njia, akafungua, mshale wa kipimo chake ukapanda kidogo tu na kusimama. Haukuwa umejaa. Akampigia mtu wa teksi, naye akasema barabara yetu ni matope matupu, kama wanataka kwenda hospitali Thika wamlete mgonjwa hadi kwenye lami. Mama aliweka simu chini. Alimwangalia Guka, akaniangalia mimi, kisha akatoka bila viatu, akaenda moja kwa moja hadi lango la Mama Kim. Nilimfuata hadi mlangoni.

Sikusikia alichosema. Nilimwona tu amesimama kwenye manyunyu, sketi imeraruka, mikono imening'inia. Mama Kim alikuwa amesimama ndani ya lango na ufagio mkononi. Kisha akautupa ufagio.

"Kim! Ita babako! Ita watu wa hapo nyuma!" Akatoka akijifunga leso. "Si ungeniambia mapema, Mama Nyambura? Ng'ambo ya lami kuna stima! Ile ni laini nyingine. Si huko ndiko niliacha simu yangu jana uliponikataza, kwa saluni ya Njeri? Wacha Thika kwanza. Tumpeleke saluni!"

Walimbeba kwenye kiti chake cha plastiki, wanaume wanne, akiwemo mmoja aliyekuwa na simu yake chini ya kitanda. Mama alibeba mtungi kama mtoto. Baba Kim alikuwa na ile mashine kichwani, imefunikwa na gunia. Mimi nilipewa kazi ya kushika mpira usiburutwe wala usikunjwe, na nilitembea kando ya Guka nikiwa nimeuinua kwa mikono yote miwili. Matope yalikuwa yanatuvuta miguu. Mwanaume mmoja aliteleza, kiti kikainama, watu wakapiga kelele, kikainuka. Mama alikuwa anaangalia mshale na kusema, "Harakisheni. Jamani, harakisheni." Midomo ya Guka ilikuwa imeanza kuwa rangi ya zambarau iliyopauka. Niliona, nikaita, "Mama!" na mama akasema, "Naona. Tembea."

Njeri wa saluni alikuwa anamkausha msichana nywele. Alituona mlangoni, umati wa watu wenye matope na mzee kwenye kiti, na hakuuliza swali hata moja. Alichomoa draya, akasema, "Hapa."

Mashine ilikohoa, ikanguruma. Tulisimama wote, yule msichana nywele zake nusu zimesimama, wanaume wakihema, tukimwangalia Guka kama watu wanaongoja maji yachemke. Polepole rangi yake ikarudi. Alifungua macho, akaziona zile kofia za kukaushia nywele zimepangwa juu ya kichwa chake, na picha za wanawake ukutani.

"Msinisuke," akasema.

Mama Kim ndiye aliyeanza kucheka, na alipocheka yeye hakuna aliyeweza kujizuia, isipokuwa mama, aliyeketi sakafuni katikati ya nywele zilizofagiliwa akalia mpaka mabega yakamtikisika. Mama Kim aliketi karibu naye, akamwekea mkono mgongoni.

Walilala pale saluni, mama na Guka. Mimi nililala kwa Mama Kim. Anko Ndung'u alikuja kesho yake kutoka Ngoliba, akiwa bado na udongo mwekundu kwenye viatu, akafungua betri akazipima moja moja. Moja ilikuwa imekufa na ilikuwa inavuta zile nyingine chini.

"Na simu?" mama akamuuliza. "Zile simu za Baba?"

"Simu? Simu hazikufanya kitu, Wanja. Hizo zote pamoja ni kama balbu. Ni betri, na ule uchafu wa juu, na hii baridi."

Mama alikwenda nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Stima ziliporudi na betri mpya ikafungwa, aliweka ekstensheni kwenye dirisha la sebule, upande wa nje. Adhuhuri, taa ya kijani ikiwa imewaka na jua likiwa juu, yeyote alikuwa na ruhusa ya kuleta simu. Taa ikibadilika, zinachomolewa. Watu waliizoea sheria hiyo haraka, na wengine walipokuja na simu walipanda juu wakasugua paneli bila kuombwa. Mama hakupanda tena mwenyewe isipokuwa kwa kutaka.

Guka alikufa katika msimu wa joto uliofuata. Ilikuwa mchana, betri zimejaa, paneli safi, anga tupu kabisa. Mashine iliendelea kunguruma baada ya yeye kunyamaza, na mama aliiacha ingurume kidogo kabla ya kuizima. Waliombeba ni wale wale wanaume, na Baba Kim akiwa mbele. Sikuona kinyongo kwa uso wa mtu yeyote.

Muda mfupi baada ya mazishi, Anko Ndung'u alisema kuna mwanamke huko Ngoliba anayemtunza mumewe, amewekewa mashine kama ile, na hajui lolote. Mama alisema tutampelekea ule mtungi wa akiba. Tulimkuta ni mwanamke kijana kuliko tulivyofikiri, amesimama mbele ya inverta yake mpya na mikono kiunoni, jinsi mama alivyokuwa akisimama. Alianza kumuuliza mama maswali kwa haraka: kuhusu zile taa, kuhusu vumbi, kuhusu maji ya kuoshea vioo, kama sabuni inaharibu.

"Hayo nitakuonyesha," mama akasema, akivuta kiti. "Kwanza niambie. Majirani wako ni akina nani, na mnaongea?"